Kaimu Mlaji wa Jezi Namba Saba

Iko nchi moja ambayo ukifika mpakani ukaiulizia, askari atakuambia ni hiyo ya jirani. Ukienda kwa jirani, utaambiwa umeshaipita. Basi tusisumbuke kuitafuta. Tujue tu kwamba ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nane, ina timu ya mpira wa miguu iliyokonda, na ina viongozi wenye afya njema sana. Hayo mawili ya mwisho yana uhusiano.

Katika nchi hiyo alikuwepo binti mmoja, Mwajabu Sefu, mtaalamu wa lishe wa timu ya taifa. Alikuwa mpole wa kupitiliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wachezaji walimwinamia ili kumsikia, kama watu wanaonusa maua. Lakini kazi yake aliijua. Alikuwa amesoma chuo miaka mitatu, na mwezi wake wa kwanza kazini aliandika ukurasa mmoja na nusu juu ya kile anachopaswa kula mchezaji kabla ya mechi.

Aliandika hivi: mchezaji ale saa tatu au nne kabla ya mpira kuanza, ili tumbo lipate nafasi ya kumaliza kazi yake. Ale wali mweupe, au viazi vya kuchemsha, au tambi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyogeuka kuwa mbio. Ale kipande cha kuku asiye na ngozi, au samaki, kisizidi ukubwa wa kiganja. Maharage ayaache mpaka kesho yake. Vya kukaangwa aviache pia, maana mafuta hukaa tumboni kama mgeni asiyejua kuaga. Ikibaki saa moja, ale ndizi mbivu. Maji anywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Na mwisho kabisa, kwa kuwa alikuwa msichana makini, akaongeza: "Chakula hiki kiliwe na mchezaji."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta matata.

Wizarani waliisoma mara tatu. Mambo ya wali waliyakubali, mambo ya kuku waliyapenda, lakini hapo penye "kiliwe na mchezaji" wakashtuka. Je, mchezaji asipokuwepo? Kamati ikaundwa. Kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo ikaenda ufukweni siku tisa kutafakari. Baada ya miezi saba, ukurasa mmoja na nusu wa Mwajabu ulirudi ukiwa kitabu cha kurasa mia mbili na kumi na mbili, Mwongozo wa Taifa wa Mlo wa Kabla ya Mechi, chenye picha ya Waziri jaladani akiwa ameshika kijiko kama mkuki. Dibaji peke yake ilikuwa kurasa kumi na moja. Sentensi ya Mwajabu ilikuwa imerekebishwa kidogo tu: "Chakula hiki kiliwe na mchezaji au kaimu wake."

Msomaji wa nchi nyingine huenda asielewe uzito wa neno hilo. Katika nchi hii, kiti hakiruhusiwi kukaa wazi hata kwa nusu saa. Mwenye nafasi akitoka, kaimu anaingia, na kila alichofanya kaimu kimefanywa na mwenyewe. Watoto wanakariri sheria hiyo darasa la pili, kabla ya kujumlisha. Iliwahi kutokea bwana harusi akacheleweshwa na mvua. Kaimu wake akaitikia "nimekubali", na familia ilichukua miaka mitatu kuwatenganisha. Hospitalini, mgonjwa akipelekwa kupigwa picha ya kifua, kaimu hulala kitandani kwake ili kitanda kisikae bure. Wananchi wameshazoea. Wengine hata hawakumbuki tena mara ya mwisho walipofanya jambo lao wenyewe.

*

Tangu Mwongozo ulipoanza kutumika, wachezaji walianza kukosa kuwepo wakati wa kula. Ilikuwa ajabu sana jinsi ilivyotokea. Uji ukiiva, wanaitwa kupigwa picha. Chakula cha jioni kikipakuliwa, wanaitwa kuimba zile beti kumi na nane.

Aliyeumia zaidi ni Lugano Mwasaka, jezi namba saba, winga wa kulia, kijana wa miaka ishirini na mmoja. Huyu alikuwa na mbio za kuwatia mabeki aibu, na mwili wake haukuwa na akiba hata kidogo. Alhamisi alipata kizunguzungu mazoezini, akashika nguzo ya goli mpaka dunia iliposimama. Bi Nyamizi, mpishi wa kambi, alimpelekea ndizi nne ndani ya kanga, lakini mlinzi alizikamata mlangoni, akazila kwa niaba yake.

"Dada Mwajabu," Lugano alisema jioni ile, "nikifumba macho naona wali."

"Kesho utakula. Nitasimama mwenyewe mlangoni."

Alisema hivyo akiwa anaamini. Alikuwa bado hajajua nchi yake.

Siku ya mechi, mpira ulikuwa uanze saa kumi alasiri. Kwa hiyo chakula kilitakiwa saa sita mchana. Saa tano na nusu basi lilikuja kuwachukua wachezaji wote ishirini na watatu kwenda uwanjani, wakasimame juani kwa mstari kumpokea Waziri. Kule uwanjani walipokelewa na Kaimu Waziri, akawapa mkono mmoja mmoja, polepole, akianzia na golikipa, na alipomaliza akarudia. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Sospeta Ngwale, alikuwa ukumbi wa chakula.

Mwajabu alikuwa amesimama mlangoni kama alivyoahidi. Akaja Bwana Makwinya, Mkurugenzi wa Itifaki, na daftari kubwa kwapani. Nyuma yake walikuja watu ishirini na watatu wanaotembea kwa uzito.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, binti. Wachezaji hawapo?"

"Wako uwanjani. Ninyi ndio mmewaita."

"Kwa hiyo hawapo," akasema Makwinya, kwa sauti ya mtu anayefunga komeo. "Waheshimiwa makaimu, karibuni. Kila mtu na namba yake. Namba saba, Bwana Mandondo, pale dirishani."

Bwana Mandondo alikuwa Naibu Mkurugenzi wa Nyasi za Viwanja. Kiti cha Lugano kililia alipokikalia. Akafunga kitambaa shingoni, akainua paja la kuku kwa vidole viwili, akaligeuza.

"Bi mkubwa, huyu kuku mbona amevuliwa nguo? Ngozi iko wapi?"

"Ni chakula cha mchezaji, baba," akajibu Bi Nyamizi.

"Na mimi leo ni nani? Winga wa kulia! Nimiminie mchuzi hapo, nina mechi ngumu."

"Na unaingia uwanjani saa ngapi, baba?"

"Nikishaamka."

Meza nzima ikacheka, mate na wali vikaruka. Kaimu wa beki namba tano akaulizia maharage. Kaimu wa golikipa akalalamika kwamba mikono inamuuma tangu jana, kwa hiyo akalishwa na msaidizi wake, ambaye naye, tuseme ukweli, alikuwa kaimu.

Waziri akasimama, na kijiko.

"Ndugu wachezaji!" akasema, akiwatazama makaimu kwa upendo. "Taifa linawategemea. Kuna maadui wa maendeleo, ndani na nje, wasiopenda kuona kijana wetu akishiba. Leo tunawajibu. Tafuneni kwa uzalendo! Mezeni kwa nidhamu! Kila tonge linaloshuka kooni hapa ni hatua moja kuelekea lango la adui. Serikali imeleta kuku. Serikali imeleta ndizi. Sasa mtu akisema timu hii ina njaa, huyo si mwenzetu."

Wakapiga makofi kwa mikono yenye mafuta.

Mwajabu aliona sahani zinaisha. Akachota wali kwenye bakuli, akaweka kipande kimoja cha kuku juu, akafunika kwa sahani, akaanza kutoka taratibu. Makwinya akamwona.

"Hiyo ya nani?"

"Ya Lugano, Mkurugenzi. Jana jioni alikula kaimu wake. Na asubuhi pia."

"Basi ameshakula mara mbili, na hii ya Bwana Mandondo ni ya tatu. Unataka kijana apasuke?"

Bakuli likachukuliwa. Makwinya akaandika: namba saba, wali sahani mbili, kuku vipande vinne, ndizi tatu, ameridhika. Mandondo akatia dole gumba. Alama ya dole ilitoka vizuri bila wino.

*

Dakika ya thelathini na moja Lugano alipata mpira upande wa kulia. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, uwanja ukasimama. Halafu akaanguka bila kelele, kama nguo iliyochomoka kwenye kamba.

Mtangazaji wa redio, aliyekuwa na nakala ya daftari, akawaeleza wananchi kwamba namba saba amelemewa na shibe.

Daktari wa timu alifika na mkoba. Hakumgusa. Alifungua daftari kwanza, akafuata mstari kwa kidole, akatikisa kichwa. "Sahani mbili! Amevimbiwa huyu. Nipeni dawa ya kumharisha."

Mwajabu alikuwa benchi. Hakumbuki alivyovuka ule mstari mweupe. Anakumbuka tu kwamba kijiko cha dawa kilikuwa karibu na mdomo wa Lugano, na kwamba alikipiga kikaruka kwenye nyasi.

"Ana njaa!"

"Una ushahidi?"

"Mtazame! Anatetemeka, jasho la baridi, mtazame tu!"

"Dada," daktari akasema, amekereka, "mimi natibu kwa kumbukumbu. Mambo ya kutazama-tazama ni ya waganga wa vichochoroni."

Mwajabu alikuwa na kichupa cha asali mfukoni, cha siku ambazo hapakuwa na kitu kingine. Akapiga magoti, akampaka Lugano kwenye ufizi kwa kidole, kidogo, akasubiri, akapaka tena. Baada ya muda macho yakarudi yalipotoka.

"Dada Mwajabu. Tumefungwa ngapi?"

"Nyamaza, mdogo wangu. Lamba."

Walifungwa sita. Lakini hilo wananchi walilizoea, tuliache.

Kwenye hospitali alikopelekwa, daktari mmoja mwenye mvi hakuwa ameletewa daftari, kwa hiyo ikabidi ampime mgonjwa. Alimpima kwa muda mrefu. Kisha akamwita Mwajabu pembeni.

"Huyu mtoto hajala siku mbili, na kabla ya hapo alikuwa anadonoadonoa. Mnamkimbiza akiwa mtupu. Safari hii moyo umemrudisha. Akianguka tena namna hii, binti, mimi sikuahidi kitu."

"Tuna mechi nyingine wiki mbili zijazo."

"Basi ale," daktari akasema, kana kwamba lilikuwa jambo jepesi.

*

Iliundwa Tume ya Kuchunguza Shibe ya Namba Saba. Mwajabu alishtakiwa kwa kosa la kumlisha mchezaji aliyekwisha kula, akiwa na akili timamu, mbele ya wageni wa nje.

Alifika mapema. Mlinzi wa mlangoni alimkagua mkoba, akaukagua tena, akaomba aone na soli za viatu. Zilipita dakika kumi na tano. Alipoingia, alikuta kwenye kiti chake ameketi mwanamke aliyevaa gauni linalofanana na lake. Huyo alikuwa Kaimu Mwajabu. Alikuwa ameshakiri makosa yote, ameomba radhi kwa Waziri na kwa Bwana Mandondo, na sasa alikuwa analia. Alilia vizuri sana. Wajumbe wawili walikuwa wanapangusa macho.

"Shauri limekwisha," akasema Makwinya. "Umefukuzwa kazi kuanzia mechi ijayo ikimalizika. Na tunakushukuru kwa ukweli wako."

Mwajabu akabaki amesimama katikati ya chumba. Kwa muda alidhani ataondoka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote. Lakini alimkumbuka Lugano akilamba asali kwenye kidole chake kama ndama, mbele ya watu elfu arobaini, akauweka mkoba wake mezani.

"Nina swali moja."

Iliwabidi wajumbe wainame kumsikia.

"Kwenye kula mna kaimu. Anayekula kwa niaba ya namba saba tunamjua, amekaa pale, na leo amekuja na andazi. Naomba kuelezwa: njaa ya namba saba nani aliikaimu? Siku ile alipokuwa anatetemeka, kaimu wake wa kutetemeka alikuwa nani? Mbona kwenye daftari simwoni?"

Waziri akamtazama mwanasheria wa Wizara. Mwanasheria akasimama, akafunga kifungo cha koti. Hakuona aibu hata kidogo. Alikuwa amefurahi kuulizwa jambo analolijua.

"Swali zuri, na jibu lake ni rahisi. Kisheria, kaimu huteuliwa pale tu ambapo mwenye nafasi hayupo. Kwenye kula, wachezaji wamekuwa na tatizo sugu la utoro. Kwenye njaa, Mheshimiwa Waziri, nimepitia kumbukumbu zote, hakuna siku hata moja ambayo mchezaji amekosekana. Nafasi ile ina mwenyewe, na mwenyewe yupo muda wote. Hatuwezi kumwekea mtu kaimu akiwa kazini."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ilikuwa hoja safi. Waziri akaagiza iingizwe kwenye toleo la pili la Mwongozo.

Mwajabu alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua sufuria safi, akaanza kuisugua. Alipoimaliza akachukua nyingine, safi vilevile.

"Utaitoboa hiyo," akasema Bi Nyamizi.

"Wamesema kaimu ni wa mtu asiyekuwepo."

"Wanasema mengi hao."

"Hili nimelishika." Akaiweka sufuria chini. "Bi Nyamizi, siku ya mechi wali uive saa ngapi?"

"Saa sita, si ndivyo ulivyoandika?"

"Basi saa mbili asubuhi nitakuletea watu."

*

Siku hiyo, saa mbili asubuhi, wachezaji wote ishirini na watatu walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa chakula, kila mmoja kwenye kiti chenye namba yake. Saa tano na nusu basi la mapokezi lilipiga honi nje mpaka dereva akachoka. Nahodha alikuwa hatulii.

"Dada, na mapokezi ya Waziri?"

"Leo hatuendi."

"Watatufungia mpira."

"Watawafungia mkiwa mmeshiba."

Lugano alikuwa ametoka hospitali siku nne zilizopita. Shati lilimning'inia. "Lakini mimi sijajua kama naanza leo," akasema. "Labda nimpishe mwingine kiti."

"Ucheze usicheze, utakula. Kaa."

Saa sita Bi Nyamizi akapakua. Wali mweupe, kuku asiye na ngozi, kipande cha kiganja. Vijana walitazama sahani kwanza, kama watu waliopewa barua wasiyoitarajia. Kisha wakaanza.

Hawakufika hata tonge la tano. Mlango ulifunguliwa, akaingia Bwana Makwinya na daftari, na karani wake, na makaimu nyuma, na Waziri na mwanasheria wa Wizara nyuma ya makaimu.

"Hawa ni nani?" akauliza Makwinya.

"Wachezaji," akasema Mwajabu.

"Wachezaji wako uwanjani, wanapokelewa. Ratiba inasema hivyo."

"Ni hawa hapa."

"Kuna tatizo gani huko mbele?" Waziri akapaza sauti. "Kuku anapoa!"

Makwinya alikuwa na miaka ishirini na saba kazini, na hakuwahi kuleta kaimu akamkuta mwenye nafasi bado amekalia kiti. Jasho lilimtoka puani. Mwisho akafungua daftari, akamkabidhi karani kalamu, akatangaza kwamba taratibu zitafuatwa: ataita namba, na asiyeitika hayupo.

"Namba moja!"

"Nipo."

"Namba mbili!"

"Nipo."

Waliitika hivyo mmoja mmoja, wengine kwa sauti ya kukwama, na kila aliyeitika kaimu wake alirudi nyuma hatua moja akilitazama paja la kuku kwa huzuni. Bwana Mandondo hakusubiri. Alikuwa ameshafunga kitambaa shingoni na kushika mgongo wa kiti cha dirishani kwa mikono miwili.

"Namba saba!"

Lugano hakujibu. Alikuwa ameweka tonge kubwa mdomoni, wali na kuku pamoja, na mashavu yalikuwa yamejaa.

"Namba saba, mara ya pili!"

"Hajaitika," akasema Mandondo, akikivuta kiti. "Hayupo huyu. Inuka, kijana, unachelewesha taifa."

"Asiyeitika hayupo," akasema Makwinya, na uso wake ukapata nafuu. "Karani, andika."

"Weka kalamu chini!"

Vijiko vilisimama ukumbi mzima. Hakuna aliyejua kwamba sauti hiyo ilikuwa ndani ya yule binti, na yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa ameshajipenyeza kati ya kiti na tumbo la Mandondo, na kiganja chake kilikuwa juu ya daftari, kimefunika mstari wa namba saba.

"Mtamsubiri," akasema Mwajabu. "Ana chakula mdomoni."

Wakasubiri. Waziri na kijiko chake, mwanasheria na koti lake, makaimu ishirini na watatu na matumbo yao, wote walisimama wakimtazama kijana mmoja akitafuna. Hakuwa na haraka. Alitafuna upande wa kulia, akahamishia wa kushoto. Akameza. Makwinya akainua shingo kusikiliza jibu.

Lugano akachota tena.